Mzee Priam na Maiti ya Mwanawe: Utenzi wa Homer na Picha ya Troy

Katika mwaka 2004 ilitoka picha ya sinema iitwayo Troy, iliyoongozwa na Wolfgang Petersen, Mjerumani, na maneno yake yakaandikwa na David Benioff, Mmarekani. Picha hiyo imeitembea pwani yetu miaka mingi, kwanza katika sahani za video, na siku hizi katika simu za vijana. Wala si ajabu kumsikia kijana wa Somanga akimtaja Achilles kama amtajavyo mchezaji wa mpira. Vijana hao hutuuliza sisi walimu: Je, ndivyo ilivyoandikwa? Swali ni jema, nasi twataka kulijibu hapa, ingawa jibu litatupeleka mbali kuliko walivyotaka waulizaji, hata kufika Songea na Ujerumani.

Asili ya habari hii ni Iliad, utenzi wa Wayunani wa kale, ambao husemwa kuwa ni wa Homer. Una mistari zaidi ya 15,000, umegawanywa katika vitabu 24, nao ulikuwa ukiimbwa mbele ya watu kabla ya kusomwa, kama tenzi za pwani zilivyoghaniwa na wengi wasiojua kusoma. Wazee wetu waliosoma katika shule za misheni walipata kuonja hadithi za Wayunani katika kitabu cha Mashujaa, kilichofasiriwa kutoka Kiingereza cha Charles Kingsley. Walakini kitabu kile kilisimulia habari za Perseus na Theseus na safari ya Jason, hakikufika Troy.

Mtu asiyeusoma utenzi huu hudhani kuwa ni habari ya vita vyote, tangu Helen alipochukuliwa hata farasi wa mti na mji kuteketea. Sivyo. Homer hakuimba miaka kumi ya vita. Aliimba siku chache za mwaka wa kumi, naye atangaza tangu mwanzo kuwa neno lake ni ghadhabu ya mtu mmoja. Agamemnon, mkuu wa majeshi, amnyang'anya Achilles mateka wake Briseis. Achilles akasirika, akaa hemani asipigane. Rafiki yake Patroclus avaa silaha zake, atoka badala yake, auawa na Hector, mwana wa mfalme wa Troy. Ndipo ghadhabu ya Achilles yageuka, yamwelekea Hector. Amwua, tena, kama kuua hakutoshi, amtoboa miguu, amfunga nyuma ya gari lake la vita, amburura mavumbini mbele ya macho ya wazazi wake waliosimama ukutani. Kisha akataa asizikwe. Mwisho mzee Priam, baba yake Hector, aenda usiku katika kambi ya adui kuiomba maiti. Apewa, amzika. Basi, utenzi umekwisha. Farasi wa mti hayumo, wala kifo cha Achilles hakimo.

Sasa, picha imebadili mengi, na mengine hayana haja ya kutukawiza. Vita vya miaka kumi vimebanwa vikawa vya majuma machache. Menelaus auawa na Hector, na Agamemnon auawa na Briseis, hali Wayunani wenyewe husimulia kuwa Menelaus alirudi kwake salama pamoja na Helen, na Agamemnon akaja kuuawa nyumbani kwake kwa hila ya mkewe. Kila mtungaji wa sinema hukata na kuunga, maana watazamaji hukaa saa mbili na nusu, hawakai siku tatu. Fundi akipewa mninga wa kutengeneza jahazi akachonga ngalawa, hatumwulizi mbona si kubwa. Twamwuliza kama yaelea.

Lakini badiliko moja si dogo. Katika utenzi miungu ya Wayunani imejaa kila mahali: wagombana, wadanganyana, waingia vitani, wajeruhiwa wakalia kama watoto. Katika picha hawamo kabisa. Kuna hekalu la Apollo na sanamu yake, ambayo Achilles aikata kichwa, na kuna makuhani ambao mashauri yao yampoteza mzee Priam, basi. Msomaji Mkristo aweza kusema, Vema, masanamu yameondolewa, yafaa tufurahi. Sisi hatukufurahi. Homer hakuwaheshimu miungu wake kwa namna tunayoidhani. Miungu hawafi, na kwa kuwa hawafi, hakuna kwao jambo lenye uzito: leo wapigana, kesho wanywa pamoja. Mwanadamu afaye ndiye mwenye kupoteza, kwa hiyo ndiye mwenye huruma na ndiye mwenye heshima. Mtungaji wa picha alipoiondoa miungu, aliyaondoa mizani hayo, akaweka mahali pake fundisho jepesi, kwamba mcha dini ni mpumbavu na mwenye akili ni yule asiyesadiki kitu. Hilo halimo katika utenzi. Katika utenzi Priam aomba kabla ya kutoka nyumbani, amwaga divai, atazama mbinguni. Kisha apanda gari lake, ingawa mkewe Hecuba amlilia asiende. Sala yake haikumzuia asithubutu, ndiyo iliyomthubutisha.

Twaja sasa penye neno tulilokusudia. Sisi tuliitazama picha hii katika banda la video hapa Somanga, karibu na mahali magari ya Lindi na Mtwara yanaposimama ili abiria wanunue samaki wa kukaanga. Nakala yenyewe ilikuwa imefasiriwa kwa Kiswahili kwa ile kazi iliyopata sifa nchini kwa sauti ya Lufufu na wenziwe, yaani mtu mmoja asema badala ya wachezaji wote, akitia na maneno yake mwenyewe. Mfasiri wetu alikuwa hodari wa vita. Kila upanga ulipoinuliwa alikuwa na kichekesho, na watu walicheka hata kulipokuwa hapana cha kucheka. Lakini Priam alipoingia hemani mwa Achilles, akapiga magoti, akambusu mikono, mfasiri alisema maneno machache tu: Mzee amekuja kuomba mwili wa mwanawe. Kisha akanyamaza. Banda lote likanyamaza, na mvuvi mmoja mtu mzima aliyekaa nyuma akauliza kwa sauti ya chini, Wamemwosha?

Swali lile ni uhakiki bora kuliko wetu, maana ndilo Homer alilolijibu na picha ikalijibu nusu. Katika picha Achilles aenda peke yake penye maiti, amfunga sanda kwa mikono yake, alia, amwita adui yake ndugu. Ni jambo la kugusa moyo, na Peter O'Toole, aliyecheza Priam, ni mchezaji mkubwa. Alipobusu mikono ile hatukuona mchezo, tuliona mzee. Walakini tazama Homer afanyavyo. Achilles awaita wajakazi, awaagiza waioshe maiti na kuipaka mafuta mahali pa mbali, Priam asiione. Kwa nini? Kwa sababu ajijua. Aogopa mzee akimwona mwanawe atashindwa kuzuia uchungu wake, naye Achilles atawaka tena hasira, amwue mgeni aliyekuja kumwomba. Huyu si mtu aliyekwisha kuongoka kwa machozi ya dakika moja. Ni mtu mkali aliyeshika kamba ya mbwa wake kwa mikono miwili. Picha ilitaka tumpende Achilles. Homer alitaka tumwogope hata katika wema wake, na wema wenyewe ukawa mkubwa zaidi kwa ajili hiyo.

Tena kuna fidia. Priam wa Homer haendi mikono mitupu: ajaza gari mavazi na mablanketi na majoho, kumi na mbili kumi na mbili, na dhahabu, na masufuria, na kikombe kizuri alichopewa zamani za ujumbe. Wenyeji wa Kilwa hawatashangaa kusikia nguo zikihesabiwa hivyo, kwa kuwa husimuliwa kwao kuwa Ali bin Hassan kutoka Shirazi aliinunua Kilwa Kisiwani kwa nguo za kukizunguka kisiwa chote. Nguo ni neno la heshima baina ya watu wawili. Katika picha fidia haionekani, kana kwamba kutoa kitu kungeyapunguza machozi. Na hapo twasema mtungaji amefikiri kama mtu wa mjini, ambaye aona mali na majonzi haviketi pamoja. Kijijini kwetu mtu hafiki msibani bila kitu.

Tena kuna chakula, na hili ndilo linalotusikitisha kuliko yote. Baada ya maiti kutiwa katika gari, Achilles wa Homer amwambia mzee kwamba sasa wale. Amkumbusha Niobe, mama aliyepotewa na watoto kumi na wawili, naye pia alikumbuka kula alipochoka kulia. Achilles achinja kondoo kwa mkono wake mwenyewe. Wala chakula pamoja, aliyeua na baba wa aliyeuawa. Na wakiisha kushiba watazamana, kila mmoja akistaajabia sura ya mwenziwe. Priam hakuwa amekula wala kulala tangu mwanawe alipokufa. Picha imeyaacha hayo yote. Labda waliona kula hakupendezi machoni baada ya kulia. Lakini mtu yeyote aliyekaa matanga ajua kuwa saa ile mfiwa anaposhika tonge la kwanza ndiyo saa ngumu, na majirani humtazama pasipo kumtazama. Homer aliijua saa hiyo. Mtungaji wa picha aliipita kama gari lisilosimama Somanga.

Wala lisidhaniwe kuwa neno hili la maiti ni la Wayunani peke yao. Sisi Wakristo tulisoma tangu utoto jinsi mashujaa wa Yabesh-gileadi walivyokwenda usiku kucha wakautwaa mwili wa Sauli ukutani, na jinsi Yusufu wa Arimathaya alivyoingia kwa Pilato kuomba mwili wa Bwana. Lakini habari iliyo karibu na Priam kuliko hizo ni ya Rispa binti Aya, katika Samweli wa pili, nayo haihubiriwi mara nyingi. Wanawe wawili walitundikwa pamoja na wengine watano kwa idhini ya mfalme Daudi. Rispa alitandika gunia juu ya mwamba, akakaa hapo tangu mwanzo wa mavuno hata mvua ikanyesha, akifukuza ndege mchana na wanyama usiku. Hakuwa na gari la fidia, wala hakuwa na Achilles wa kumbusu mikono. Alikaa tu. Ndipo mfalme yule yule aliyewatoa kufa akapata habari, akaikusanya mifupa, ikazikwa.

Kwa nini twasema hayo kutoka Somanga? Kwa sababu mahali hapa, ambapo vitabu vya zamani huandika Samanga, pamo katika mwanzo wa vita vyetu wenyewe. Mwishoni mwa mwezi wa Julai 1905 Wamatumbi waliokuwa wamechoshwa na kilimo cha pamba cha kulazimishwa waliteremka kutoka vilimani, na tarehe 31 walifika hapa, wakaharibu pamba na kituo cha biashara. Tarehe 4 Agosti Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, mtoa maji ya dawa, alinyongwa Mohoro, kaskazini ya hapa. Tarehe 14 Agosti Askofu Cassian Spiss, Mbenediktini, aliuawa huko Mikukuyumbu, upande wa Liwale, pamoja na mabruda wawili na masista wawili waliosafiri naye. Vita vikaenda hata 1907, na njaa ikafuata. Wako wanahistoria wakisiao kuwa watu 300,000 walikufa, wengi wao kwa njaa hiyo. Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi alitunga utenzi wa vita hivyo, uliochapishwa mwaka 1957 pamoja na tafsiri ya Kiingereza ya W. H. Whiteley, na Ebrahim Hussein, mzaliwa wa Kilwa, akaandika mchezo wake Kinjeketile, uliotoka mwaka 1969. Basi hatuna upungufu wa watungaji.

Lakini katika vita vyetu kitabu cha 24 hakijaandikwa. Nduna Songea Mbano wa Wangoni alinyongwa na Wadachi mwaka 1906 katika mji uitwao sasa kwa jina lake, na kwao husemwa kuwa kichwa chake kilikatwa kikapelekwa Ujerumani. Hakuwa wa kwanza. Fuvu la Mkwawa wa Wahehe, aliyekufa mwaka 1898, lilitajwa hata katika mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, katika kifungu cha 246, kwamba lirudishwe katika miezi sita. Likarudishwa Kalenga mwaka 1954. Miezi sita ikawa miaka thelathini na mitano. Hata hivyo Wahehe wana kitu cha kuonyesha. Wa Songea hawana.

Katika mwaka 2024 ilionyeshwa Berlin picha nyingine, isiyo na panga wala farasi, iitwayo The Empty Grave, maana yake kaburi tupu. Imeongozwa na wanawake wawili, Cece Mlay wa Tanzania na Agnes Lisa Wegner wa Ujerumani, nayo yafuata ukoo wa Mbano wa Songea, na ukoo mwingine wa Meru kaskazini, wakiyatafuta mabaki ya wazee wao. Hakuna aliyevaa mavazi ya kale. Wachezaji ni wafiwa wenyewe. Hatudhani waongozaji hao walimkusudia Homer. Lakini kwa maoni yetu wamesimama karibu naye kuliko Troy yote na majeshi yake, maana wameshika neno aliloona yeye kuwa ndilo la mwisho: mtu aliye hai atoka nyumbani kwake, aenda mpaka kwa waliomwua mtu wake, aomba kilichobaki.

Tofauti moja ni kubwa, na ndiyo iliyotufikirisha. Priam alijua hema la kuliendea. Alijua mkono uliomwua mwanawe, akaubusu mkono huo huo. Ukoo wa Mbano wabusu mkono gani? Waliokata wamekufa zamani. Kilichobaki ni nyumba za makumbusho, na makasha, na daftari, na wenye ofisi ambao hawakuzaliwa wakati ule, nao ni wapole. Upole huo una taabu yake: huwezi kumkasirikia mtu aliyekupa kiti na chai, wala huwezi kurudi kwenu na kiti na chai. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alikwenda Songea, akakutana na wazao wa Nduna, akaomba msamaha kwa yaliyotendwa. Tulishukuru, na twashukuru hata leo. Ni jambo ambalo Agamemnon hakulifanya. Walakini katika hesabu za Homer kuomba msamaha na kurudisha maiti ni mambo mawili, tena la pili hubebwa katika gari na kuonekana na watu wote walio langoni. Cassandra aliye juu ya ngome ndiye aliyeliona kwanza, akalia mji mzima ukatoka.

Wasomaji wengine watatuuliza kama yafaa Mkristo kuyaweka mezani pamoja, kaburi la Nduna na damu ya Askofu Spiss na wenziwe. Twajibu kwamba utenzi wenyewe umeyaweka. Priam na Achilles walipokwisha kushikana mikono walilia pamoja, lakini hawakumlilia mtu mmoja: mzee alimlilia Hector, na Achilles alimlilia Patroclus, ambaye Hector ndiye aliyemwua, na baba yake mwenyewe aliyekuwa mbali akizeeka. Kila mmoja alilia wake, katika hema moja. Picha ya Troy, kwa kumfanya Achilles amlilie Hector mwenyewe, imelifanya jambo hilo kuwa tamu zaidi na la kweli kidogo. Katika vijiji vya kusini hukutana mtu ambaye babu yake alikunywa maji ya dawa na mtu ambaye babu yake alibatizwa katika misheni iliyochomwa moto, nao ni mashemeji. Hawaombwi kubadilishana maiti.

Kama kijana wa Kilwa au wa Matumbi atapata siku moja kamera na fedha za kutosha, naye atake kutuonyesha mwaka 1905, tunalo ombi moja kwake. Asiishie kwenye moto, kama ilivyoishia Troy, ambapo Achilles achomwa juu ya kuni na sauti yajisifu kwa majina ya watu wakubwa alioishi nao. Aende mpaka alipofika Homer. Pale watu wa Troy wapewa siku zao za matanga. Siku tisa waleta kuni kutoka mlimani, siku ya kumi wamchoma maiti kama ilivyokuwa desturi yao. Asubuhi wauzima moto kwa divai, na ndugu zake waiokota mifupa myeupe, waitia katika kisanduku cha dhahabu, waifunika kwa nguo laini za zambarau, waishusha shimoni, wapanga mawe makubwa juu yake, tena upesi upesi. Na pande zote wameweka walinzi, wasije Wayunani wakawashambulia kabla ya kumaliza kufukia.